Aliyebatizwa wodini habatizwi tena: uchambuzi wa kisa kimoja cha Malindi

Uchambuzi huu umeandikwa kwa makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, wahudumu wa wagonjwa na wazazi Wakatoliki wa Malindi na vitongoji vyake. Majina ya watu, kigango, parokia na hospitali yameondolewa, na tarehe hazikutajwa. Kanuni zinazotajwa ni za Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983.

## Usuli

Wazazi wa mtoto wanaishi upande wa bara wa Malindi, katika kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) cha parokia ya mashambani. Mama ni Mkatoliki mwenye kipaimara na husali na jumuiya yake. Baba alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana (ACK), ubatizo ambao Kanisa Katoliki linautambua, ingawa kwa miaka kadhaa hakuwa mtu wa kanisani. Walikuwa wakiishi pamoja. Posa ilishapelekwa, mahari ilikuwa imelipwa nusu, na ndoa ya kanisani ilikuwa bado. Hali hiyo imeenea sana huku. Mahari husubiri mavuno au kazi ya msimu kwenye hoteli za ufuoni, harusi husubiri mahari, na watoto huzaliwa katikati ya kungoja huko.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa katika hospitali moja mjini wiki ya 31 ya mimba, akiwa na uzito wa gramu 1,450. Alipelekwa moja kwa moja kitengo cha watoto wachanga na kulazwa ndani ya inkubeta.

Upande wa baba ni Wagiriama wanaoshika desturi ya majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na kulichagua jina ni haki ya ukoo wa baba. Matokeo yake ni kwamba majina hupokezana vizazi: kama babu anaitwa Karisa Kazungu, mwanawe huwa Kazungu Karisa, na mjukuu hurudi kuwa Karisa Kazungu. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye daftari, kwa sababu katika parokia moja wanaweza kuwapo Karisa Kazungu wengi, tena wa ukoo mmoja.

## Yaliyotokea wodini

Siku ya nne mtoto alianza kukata pumzi. Kufikia saa tisa usiku alikuwa amezinduliwa mara mbili, na muuguzi wa zamu akawaambia mama na nyanya mzaa mama wajiandae kwa lolote. Padre alipigiwa simu. Alikuwa amelala kigango cha ng'ambo ya mto Sabaki, na asingefika kabla ya mapambazuko.

Nyanya aliomba ruhusa ya kumbatiza mjukuu. Muuguzi, mwanamke Mwislamu, alimruhusu kwa masharti matatu: anawe mikono hadi kwenye viwiko, asiguse mirija, na maji yawe kidogo na yasiwe baridi. Masharti yote matatu yalikuwa sahihi kabisa. Mtoto wa uzito ule hupoteza joto upesi, na kumlowesha kichwa kizima kungeweza kumdhuru kuliko ugonjwa uliokuwepo. Muuguzi mwenyewe alivuta maji safi ya vuguvugu kwenye sirinji ya mililita 5 na kumkabidhi nyanya.

Mtoto hakufa. Alitoka hospitali akiwa na zaidi ya wiki tano, baada ya kukaa kifuani mwa mama kwa mtindo wa kangaruu hadi alipokaribia kilo mbili. Karatasi ya hospitali ya kuarifu kuzaliwa ilijazwa jina la babu mzaa baba, na baba akatajwa humo. Kuhusu ubatizo hakuna aliyeandika neno: si kwenye faili, si kwa padre, si kwenye jumuiya.

## Miezi mitano baadaye

Mama alifika kwa katekista kuomba mtoto abatizwe. Hakutaja usiku ule wa wodini. Alikuwa na sababu mbili. Nyanya aliogopa kukemewa kwa kufanya kazi ya padre. Tena wanawake wawili wa jumuiya walishamwambia kwamba "ubatizo wa hospitali ni wa kuombea tu", na kwamba ule wenyewe hufanyika kanisani, mtoto akiwa na nguo nyeupe na mshumaa. Maneno hayo si kweli, lakini yameenea katika vigango vingi, na ndiyo yaliyokizaa kisa hiki.

Katekista alimpa fomu ya kawaida. Ilidai jina la mtoto, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, wasimamizi (baba au mama wa ubatizo), na barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Haikuwa na swali la kama mtoto ameshabatizwa kwa dharura.

Kikafuata kizuizi baada ya kizuizi. Mwenyekiti wa jumuiya alikataa kutoa barua kwa sababu kadi ya zaka ya mama ilikuwa tupu tangu kabla ya kujifungua. Katekista alisema wazazi wafunge ndoa kwanza. Ukoo wa baba ulileta wasimamizi watatu, mabaharia wawili wa ukoo na shangazi mmoja, kwa kufuata utaratibu wa Kianglikana ambao kitabu cha sala cha 1662 kimeuweka: mtoto wa kiume apate wanaume wawili na mwanamke mmoja. Kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa Mkatoliki. Juu ya yote, baba alitaka kusubiri Desemba ili apate fedha za pilau na mbuzi.

Suala lilifika kwa paroko, padre mkuu wa parokia, kama malalamiko ya zaka. Katika mazungumzo yale aliuliza swali ambalo fomu haikuliuliza: "Mtoto huyu alipokuwa mahututi, kuna aliyemwagia maji?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, mama alimfanyia."

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Kusimamisha maandalizi yote. Paroko hakusema "basi tumbatize vizuri sasa". Ubatizo hutia alama isiyofutika rohoni, na kwa hiyo haurudiwi. Kumwagia maji mara ya pili mtu aliyekwisha batizwa hakumwongezei kitu, na ni kulikosea heshima sakramenti. Kwa upande mwingine, kumpokea kama aliyebatizwa mtoto ambaye kwa kweli hakubatizwa kungemfanya akose kitu ambacho kila sakramenti nyingine inakitegemea: kipaimara chake, ndoa yake, hata upadre akiitwa, vyote vingekuwa batili. Kwa hiyo ilibidi kujua kilichotendeka.

Kuhoji mmoja mmoja, bila kuwawekea maneno mdomoni. Sehemu hii ya kisa ndiyo yenye mafunzo mengi, na tutaieleza kwa urefu.

Mambo matatu huchunguzwa: maji, maneno na nia. Maji lazima yawe maji halisi, yaguse ngozi na yatiririke, na kichwani ndipo mahali pake. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua au ya chupa yote yanafaa, na hayahitaji kubarikiwa. Maziwa, mate na mafuta hayafai. Maneno ni haya: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", kwa lugha yoyote. Nia inayotakiwa ni kutaka kutenda kile ambacho Kanisa hutenda, hata kama mtendaji hakielewi kwa kina. Ndiyo maana, katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo (kanuni ya 861). Katika mji kama Malindi, ambako wauguzi wengi ni Waislamu, jambo hili linafaa kujulikana.

Nyanya alihojiwa kwanza. Aliposikia habari zimefika kwa paroko alikuja amejikunja, na jibu lake la kwanza likazua shaka kubwa: "Padre, nilimpaka maji kwenye paji la uso, kwa pamba." Kupaka si kumwagia. Kidole chenye unyevu au pamba iliyoloweshwa huacha shaka ya kweli, kwa sababu maji hayatiririki. Kama uchunguzi ungeishia hapo, mtoto angebatizwa kwa masharti, yaani padre angesema "Kama hujabatizwa, nakubatiza…", bila shamrashamra, baada ya kuwaeleza wazazi sababu (kanuni ya 869).

Kuhusu maneno, paroko hakumuuliza, "Ulisema nakubatiza?" Mtu mwenye hofu hujibu ndiyo. Alimwambia, "Mama, tusimulie ulivyosema, kama ulivyosema usiku ule." Nyanya akayatamka yote, kwa Kiswahili, sawasawa, akaanza na jina Yosefu. Swali la wazi ni muhimu hata kwa herufi chache. Mwezi Agosti 2020 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitamka kwamba ubatizo uliotolewa kwa neno "tunakubatiza" ni batili, kwa sababu anayebatiza hutenda kwa niaba ya Kristo, si kwa niaba ya familia au kusanyiko. Mtu akitamkiwa neno sahihi kabla ya kujibu, hutajua kamwe yeye mwenyewe alisema lipi.

Muuguzi alitafutwa hospitalini na kuombwa asimulie. Alikumbuka vizuri. Maji yalitoka kwenye sirinji, nyanya aliyadondoshea kwenye paji mara mbili huku akisema maneno yake, yakateremka hadi kwenye utosi na sikio la kushoto. Kabla ya mara ya tatu mtoto alianza kukata pumzi tena, akamzuia. Pamba ilitumika baadaye, kukausha. Mama, aliyehojiwa peke yake, alisema hivyo hivyo kuhusu sirinji, ingawa hakukumbuka idadi.

Pamba ya nyanya ikaeleweka. Usiku ule alikuwa na sirinji mkono mmoja na pamba mkono mwingine, na miezi mitano ya kuambiwa kwamba alichofanya si kitu ilikuwa imemfundisha kukipunguza anapokisimulia.

Je, mara mbili badala ya tatu? Kumwaga mara tatu ndio utaratibu wa ibada, lakini uhalali hausimami juu ya hesabu hiyo. Maji yakitiririka hata mara moja pamoja na maneno kamili, ubatizo umefanyika.

Kuukubali ushahidi wa muuguzi. Mjumbe mmoja wa halmashauri ya parokia aliuliza iwapo Mwislamu anaweza kuthibitisha sakramenti. Kanuni ya 876 inasema kwamba, ikiwa hakuna anayedhurika, tamko la shahidi mmoja asiye na shaka linatosha kuthibitisha ubatizo. Haisemi awe wa dini gani. Muuguzi hakuwa na la kupata wala la kupoteza, na alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye inkubeta. Ushahidi bora kuliko huo ni nadra kuupata.

Uamuzi ukawa: mtoto amebatizwa. Hatamwagiwa maji tena, hata kwa masharti. Atapokewa kanisani na kukamilishiwa ibada ambazo wodini hazikuwezekana.

Kuyaondoa masuala ya ndoa na zaka. Mara tu ilipojulikana kwamba mtoto ni Mkristo tayari, mjadala wa kumwahirisha ulikosa mguu wa kusimamia. Lakini hata kama asingekuwa amebatizwa, katekista alikuwa amedai kisichodaiwa. Kanuni ya 868 inataka mambo mawili: angalau mzazi mmoja aridhie, na kuwe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi huelezwa sababu. Ndoa ya wazazi haimo katika masharti hayo. Hapa tumaini lilionekana kwa macho: mama anayesali, nyanya anayeishi uwanja huo huo, jumuiya inayokutana nyumba ya tatu. Kuhusu zaka, kanuni ya 848 inakataza mhudumu kudai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya ufukara wake. Mama huyu alikuwa ametumia miezi ile kumwongezea mtoto uzito, gramu kwa gramu. Kumdai kadi ya zaka kulituumiza wengi tuliosoma faili hili.

Wasimamizi. Msimamizi Mkatoliki lazima awe ametimiza miaka 16, awe na kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto (kanuni ya 874). Anatosha mmoja, au wawili, mwanamume na mwanamke. Watatu hawaandikwi (kanuni ya 873). Mkristo wa kanisa jingine aliyebatizwa anaweza kusimama pamoja na msimamizi Mkatoliki, ila huandikwa kama shahidi wa ubatizo. Mama alimchagua jirani wa jumuiya awe mama wa ubatizo, na shangazi Mwanglikana akakubaliwa kuwa shahidi. Wale mabaharia wawili hawakuwa na nafasi ya kuandikwa. Waliombwa waongoze msafara wa familia hadi mlangoni mwa kanisa, wakakubali kwa shingo upande.

Jina. Hapa ndipo ukoo wa baba ulipokasirika hasa. Nyanya mzaa mama alimwita mtoto Yosefu kabla ya upande wa baba kutamka jina lao. Walichukulia kwamba mtoto ametwaliwa. Kanuni ya 855 haidai jina la mtakatifu. Inakataza tu jina lililo kinyume na maana ya Kikristo. Karisa, Kahindi, Dama au Sidi hayana kasoro yoyote kanisani. Paroko alikwenda nyumbani kwa babu, akaketi naye, akamweleza kwamba jina lake liko kwenye karatasi ya hospitali na litaandikwa kanisani vilevile. Yosefu ni jina aliloitwa mtoto alipodhaniwa anakufa. Babu aliuliza kama linaweza kufutwa. Akaambiwa kwamba daftari huandika kilichotokea. Mwisho wake aliridhia majina yote mawili yaandikwe, lake likifuata la ubatizo.

## Siku ya kupokewa

Ibada ilifanyika Jumapili ya kawaida ndani ya Misa, pamoja na watoto wengine wanne waliokuwa wakibatizwa. Kuwachanganya kulikuwa na hatari yake: mkono wa padre umezoea, na mtoto wa tano angeweza kumwagiwa maji kwa mazoea tu. Katekista aliandaa orodha mbili. Ya wanne ilikuwa na kichwa "Maji". Ya mmoja ilikuwa na kichwa "Amebatizwa, anapokewa". Familia ilikaa benchi la upande wa pili wa kisima cha ubatizo.

Mlangoni padre aliitangazia jumuiya kwamba mtoto huyu amekwisha batizwa na nyanya yake katika hatari ya kufa, na akamsifu mbele ya wote kwa kutenda upesi. Ibada yenyewe ina nafasi ya sifa hiyo, na hapa ilikuwa na kazi kubwa: wale wanawake wawili wa jumuiya walikuwa wameketi safu ya tatu. Wazazi waliulizwa jina na wanachoomba, mtoto akatiwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Baada ya masomo na sala za waamini, wakati wa maji ulipofika kwa wenzake, yeye alibaki mikononi mwa mama yake. Kisha akapakwa Krisma, mafuta matakatifu, utosini, akavikwa nguo nyeupe, na mama wa ubatizo akawasha mshumaa wake kutoka mshumaa wa Pasaka.

Pilau ilikuwepo, mbuzi hakuwepo. Baba alikuwa ameshawishiwa kutongoja Desemba.

## Kuandika kwenye daftari

Ubatizo huandikwa katika parokia ulikofanyika. Hospitali iko ndani ya mipaka ya parokia ya mjini, si ya parokia ya familia. Mhudumu asiye paroko anatakiwa amwarifu paroko wa mahali pale (kanuni ya 878), na nyanya hakujua hilo. Paroko wa familia alipeleka maelezo matatu yaliyotiwa saini, na parokia ya mjini ikaandika kwenye daftari lake. Parokia ya familia iliandika taarifa ya kupokewa, pamoja na nambari ya daftari la mjini, ili miaka kumi ijayo mtu akiulizia cheti cha ubatizo kwa ajili ya Komunyo ya kwanza aelekezwe panapostahili.

Mambo manne yalihitaji uangalifu. Tarehe ya ubatizo ni ya usiku ule wa wodini, ingawa nambari ya mfululizo ni ya miezi mitano baadaye. Tofauti hiyo huelezwa kwenye safu ya maoni. Mhudumu ni nyanya, jina lake kamili, si la padre. Shahidi wa tukio ni muuguzi. Na kwa kuwa wazazi hawana ndoa, jina la baba huandikwa likithibitishwa na hati ya serikali au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili (kanuni ya 877). Baba alikuja mwenyewe, akatamka, akatia saini. Tamko hilo lilimfaa yeye pia: ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ofisi ya parokia.

Hata hivyo cheti cha kwanza kilichapwa vibaya. Karani aliweka tarehe ya Jumapili ile na jina la padre. Mama wa ubatizo ndiye aliyeliona kosa. Kilichapwa upya kutoka kwenye daftari. Kosa kama hilo likiingia kwenye daftari lenyewe halifutwi wala kupakwa rangi nyeupe. Hukatwa kwa mstari mmoja unaosomeka, na sahihisho huandikwa pembeni kwa tarehe na saini ya paroko. Na kwa kuwa mjukuu na babu wana majina yale yale mawili, tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi yaliandikwa kwa ukamilifu, bila vifupisho.

## Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichookoa kisa hiki ni swali moja lililoulizwa nje ya fomu, na utaratibu wa kuhoji uliompa kila shahidi nafasi ya kusimulia peke yake. Bila muuguzi, neno "nilimpaka" lingempeleka mtoto kwenye ubatizo wa masharti ambao hakuuhitaji. Bila uvumilivu kwa nyanya, pengine asingesema lolote. Ziara kwa babu nayo ilifanya ambacho barua isingeweza: ugomvi wa jina haukufika siku ya ibada.

Kilichoharibika kilianza mapema. Katika mafundisho ya jumuiya, ubatizo wa dharura ulikuwa ukitajwa kwa sentensi moja, na watu wakaujazia maana wenyewe. Fomu ya parokia ilikuwa bubu juu ya jambo ambalo huwatokea watoto njiti mara nyingi. Mwenyekiti na katekista walitumia barua na ndoa kama lango, na lango hilo nusura limfiche mtoto asionekane kabisa: mama angekata tamaa, na nyanya angekaa na siri yake. Hatutaki kuwalaumu kupita kiasi, kwa kuwa wote wawili walidhani wanalinda heshima ya sakramenti. Lakini walikuwa wakiilinda kwa sheria ambazo Kanisa halikuziweka.

Jambo moja halikutatuliwa vizuri. Wale mabaharia wawili hawakurudi kanisani, na ukoo bado unasema mtoto alipewa wasimamizi pungufu. Pengine paroko angewaita mapema zaidi, kabla hawajashona kanzu.

Ndoa ya wazazi imefunguliwa faili. Kwa kuwa baba ni Mkristo aliyebatizwa wa kanisa jingine, kinachohitajika ni ruhusa ya ndoa mseto kutoka kwa mamlaka ya jimbo (kanuni ya 1124), pamoja na ahadi ya mama kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki.

## Yaliyobadilishwa parokiani

Fomu sasa ina mstari wa kwanza usemao: "Je, mtoto amewahi kumwagiwa maji na mtu yeyote, nyumbani, njiani au hospitalini, akiwa katika hatari? Nani, lini, mbele ya nani?" Swali limewekwa juu ya jina la jumuiya, ili lijibiwe kabla ya mambo ya barua.

Wahudumu wa wagonjwa wanaokwenda hospitali wamepewa maelekezo mafupi ya wodi ya watoto wachanga. Omba ruhusa ya mama na ya muuguzi. Nawa. Tumia maji safi ya vuguvugu, nusu mililita hadi moja inatosha. Dondoshea kwenye paji la uso ili yateremke kuelekea utosini, mbali na macho, pua na mirija. Sema maneno huku maji yakiteremka, usiyaseme kwanza kisha umwage, wala mmoja asiseme huku mwingine akimwaga. Kausha mara moja. Mtoto akianza kukata pumzi, mwachie muuguzi nafasi. Mtoto akiwa tayari amefariki, habatizwi. Salini pamoja na wazazi, na msiwaache peke yao.

Kila mhudumu hubeba pia karatasi hii, nakala mbili, moja ya mama na moja ya paroko wa eneo la hospitali:

"Mimi ……, nimembatiza …… mwana wa …… na ……, aliyezaliwa tarehe ……, katika hatari ya kufa, wodi …… ya hospitali ……, tarehe …… saa ……, kwa kummwagia maji kichwani na kusema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Shahidi: …… Simu ya mhudumu …… Simu ya shahidi …… Parokia ya nyumbani ……"

Nafasi ya shahidi hujazwa papo hapo, kabla zamu ya wauguzi haijabadilishwa.